Ngoma Iliyokuwa Kifuani Mwangu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, nyanya yangu mzaa baba alikuwa akiniita mama. Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Mimi nilipewa jina la mama yake, Syombua, na kwetu Wakamba anayebeba jina la mtu hubeba na heshima yake. Kwa hivyo mwanamke mwenye mvi alikuwa akisimama mlangoni mwa nyumba yetu ya Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, na kuniita, "Mwaitu, njoo unywe uji," yaani mama yangu, njoo unywe uji, nami nikaenda na kamasi zangu. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakachoka. Mimi sikuona haya hata kidogo. Nilijiona mtu mkubwa, na sijui kama nimewahi kuacha kujiona hivyo.

Jina lenyewe lina historia. Dada yangu wa kwanza alichukua jina la nyanya mwenyewe, ambaye sote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Mimi niliyefuata nilipaswa kuchukua jina la mama mzaa mama yangu, ndivyo desturi inavyotaka. Lakini Susu aliomba. Alimwambia mama yangu kwamba hakuna mjukuu hata mmoja aliyebeba jina la mama yake, na kwamba jina lisipoitwa hufa. Mama wakati huo alikuwa bado mgeni katika ukoo, akakubali. Kwao walinuna muda mrefu kwa ajili hiyo.

Huyo Syombua wa kwanza alikuwa mpiga ngoma huko Ukambani. Alipiga kilumi, ngoma ya akina mama wazee, ya kuombea mvua na kutuliza wagonjwa waliosumbuliwa na wafu. Susu alikua akilala kando ya ngoma hiyo. Alipohamia Nairobi kuishi na mwanawe hakuja na ngoma yoyote. Alikuja na Biblia, kitambaa cha akina mama wa kanisa, na jembe. Hilo jembe ndilo lililofanya kazi zaidi. Alipanda nduma, yaani magimbi, na mboga za managu katika kipande kilichokuwa nyuma ya nyumba, na nyumba za kupangisha zilipoanza kuota upande wa pili, akawa na vita vya kila siku. Wapangaji walikuwa wamegundua kwamba wakikata katikati ya shamba lake wanafika barabarani upesi, kwa hivyo walitengeneza njia ya panya juu ya nduma zake. Susu akaziba kwa miiba ya kayaba. Akimfuma mtu anapenya, alimwelekeza kwa jembe: mlango uko pale, pita mlangoni kama watu.

Moyo wangu ulianza mambo yake Jumamosi moja asubuhi, nikisuuza vyombo nje. Ulipiga kama kawaida, ukaruka pigo moja, kisha ukaondoka mbio. Sikuwa nimekimbia wala sikuwa nimeogopa kitu. Nilishika kifua, nikamwita Susu. Alinijia na mikono yenye udongo, akapiga magoti, akaweka sikio kifuani pangu. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akashika kisogo changu na kunichovya uso katika beseni la maji ya kusuuzia, maji baridi ya asubuhi, na hapo hapo moyo ukashtuka, ukasita, ukarudi mwendo wake.

Nilipoinua uso, Susu alikuwa akilia na kucheka.

"Ni yeye," alisema. "Hiyo ni kilumi. Mama yangu amenifuata mpaka Nairobi."

Tangu siku hiyo lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Moyo wangu ulipokimbia, Syombua alikuwa amechukua ngoma yake. Maji baridi yalimtuliza kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mvua. Susu hakuona ugomvi wowote kati ya imani hiyo na kitambaa chake cha kanisa. Mungu ni Mungu, alisema, na mama ni mama. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba nina mpiga ngoma kifuani, na wale waliotaka kusikiliza niliwapanga foleni.

Raha hiyo haikudumu. Siku moja moyo ulinikimbia katikati ya mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, macho yakaingia giza, nikaanguka uwanjani. Mwalimu akaamua kwamba sitakimbia tena. Naomba mnielewe: mimi nilikuwa na mbio. Katika darasa letu hakukuwa na msichana wa kunishika, na wavulana walioweza walikuwa wawili tu. Sasa nikawekwa kwenye nyasi kandokando ya uwanja, na kila mchezaji aliyepita akaniachia sweta yake. "Syombua, nishikie, si wewe hukimbii." Sweta nyingi zilitoka mkononi mwa mama yangu mwenyewe, kwa sababu alikuwa na mashine ya kufuma katika kibanda cha ghorofani huko mjini, na shule yetu ilikuwa mteja wake. Nilikaa na lundo la sweta za Mama mapajani, nikitazama miguu ya watu wengine. Nilichukia kila dakika.

Mama ndiye aliyenipeleka Parklands, kwa daktari wa moyo aliyeitwa Nasimiyu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini aliyekuwa akivaa raba kazini. Alinibandika vibandiko kifuani na mashine ikachora moyo wangu kwenye karatasi. Aliuliza mambo mengi, na Mama, kwa aibu kidogo, akataja beseni la maji. Daktari hakucheka. Alisema maji baridi usoni huamsha mshipa wa fahamu unaoufungia moyo breki, na kwamba hata hospitalini hufanya hivyo, au humwambia mgonjwa apulize kwa nguvu ndani ya bomba la sindano. Akaandika vidonge vya kumeza kila siku. Akasema pia kwamba moyo ukikataa kutulia tusingoje, tuje mbio.

Hiyo habari ya maji ilipofika Mutuini, Susu alitembea siku nzima kifua mbele. Vidonge ndivyo ambavyo hakuvipenda. Hakunizuia kuvimeza, nisimsingizie, na mara nyingine yeye ndiye aliyenikumbusha. Lakini vilinifanya mzito. Nilisinzia darasani, nikapanda ngazi nikihema, nami niliyekuwa mwepesi. Jioni moja Susu alinitazama nikiburuta miguu, akamwambia Mama kwamba dawa hiyo inamnyamazisha Syombua lakini haimridhishi, na mtu anayenyamazishwa ipo siku ataamka na hasira. Mama alijibu kwa adabu kwamba amesikia. Kisha akanipa kidonge.

Onyo la Susu lilitimia siku ya michezo ya shule. Nilikuwa nimekaa tu, na lundo langu la sweta, na nilikuwa nimemeza dawa asubuhi. Moyo uliruka pigo, ukakimbia. Mwalimu alinimwagia maji usoni. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Moyo haukusikia. Mwalimu mmoja mwenye gari akanipakia, na mpaka tunafika Parklands vidole vyangu vilikuwa baridi na midomo, Mama anasema, ilikuwa rangi ya majivu. Mama alikuwa ametoka mjini akiwa bado na uzi wa kufumia shingoni. Nilichomwa sindano ya mshipa na nikahisi kifua kimefungwa, dunia imesimama, kila kitu kimesimama. Haikufaa. Wakatayarisha mashine ya kushtua moyo kwa umeme, wakaiweka karibu, lakini sindano ya pili ikafanya kazi. Nilisikia moyo ukianza upya, polepole, nami nikalala.

Daktari Nasimiyu alipozungumza na wazazi wangu aliwaambia kwamba vidonge vimeshindwa. Angeweza kubadilisha dawa na kuongeza nguvu, na ningeendelea kuishi hivyo, nikiwa mzito na nikingoja siku nyingine kama ile. Au angeweza kutafuta chanzo chenyewe ndani ya moyo, kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na kukichoma. Wataalamu wa kazi hiyo wakati huo walikuwa wachache sana nchini, na yeye alikuwa mmoja wao. Habari ya gharama sitaisimulia leo. Bima ya Baba na watu wa kanisa waliibeba, Mungu awabariki.

Neno lililofika kwa Susu lilikuwa moja tu: kuchoma.

Alikataa. Alikataa akiwa ameketi kwenye kochi la sebuleni, bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema ameishi na mambo mengi hapa Nairobi lakini hatakubali mama yake achomwe moto ndani ya mtoto. Baba alikuwa karani wa faili katika ofisi moja ya serikali, mtu mpole ambaye hakuwa amewahi kumpinga mama yake, na siku hiyo aliangalia chai yake mpaka ikaota utando. Nilielewa. Baba asiposema kitu, sitachomwa. Nisipochomwa, nitashika sweta za watu mpaka niolewe, kama nitafika huko.

Mama alikuwa amesimama. Alikuwa mkwe mzuri, wa kupika na kuinama, na sikuwa nimewahi kumsikia akimjibu Susu.

"Mama," alisema, "jina nilikupa. Ilikuwa zamu ya mama yangu, nikakupa wewe. Sasa nakuomba mtoto."

Susu aliinuka akaenda chumbani kwake. Mama aliketi mahali alipokuwa ameketi Susu. Nilimwonea fahari siku hiyo kuliko nilivyojua kueleza, nikaenda nikakaa karibu naye tu.

Asubuhi tulimkuta Susu mlangoni, amevaa nguo za Jumapili, kitambaa cha kanisa na viatu vya kufunga. Alisema tumpeleke kwa huyo daktari.

Ofisini mwa Daktari Nasimiyu, Susu alikataa kiti kilichokuwa pembeni akachagua kile kilichotazamana na daktari.

"Shosho, uliza chochote," daktari alimwambia, kama watu wa Nairobi wanavyomwita nyanya yeyote.

"Unataka kuchoma nini?"

Daktari alichukua kalamu, akaiweka chini. Alieleza bila haraka, kwa Kiswahili cha Nairobi, ambamo moyo ni roho na umeme ni stima. "Roho iko na njia yake ya stima, moja tu, ile tunazaliwa nayo. Huyu alizaliwa na ingine ndogo kando. Stima ikipenya hapo inazunguka, inarudi, inazunguka. Haipati pa kutokea. Hiyo ndiyo mbio unasikia."

Nilimwona Susu akifikiri, na ninaapa niliona anapofika.

"Ni njia ya panya," alisema.

"Ni hiyo tu, Shosho."

"Watu wanakata shambani badala ya kupita mlangoni."

"Ndiyo. Mimi nataka kuziba hiyo."

"Na mwenye nyumba humgusi?"

"Simgusi."

Susu aliegemea mbele. "Na ukikosea uzibe mlango?"

Mama alishusha pumzi, maana hilo ndilo swali ambalo yeye na Baba walikuwa wameogopa kuuliza. Daktari hakulikwepa. Alisema hatari hiyo ipo, ni ndogo lakini ipo, na ikitokea mtoto atawekewa kifaa kidogo cha betri cha kuusaidia moyo maisha yake yote. Ndiyo sababu atatafuta kwanza, polepole, kabla ya kuchoma. Akiona njia ya panya iko karibu sana na mlango, ataacha, na tutarudi kwenye dawa. Susu alimtazama usoni kwa muda. Nadhani alikuwa anapima kama huyu ni mtu wa kusema ukweli, na nadhani ile habari ya hatari ndiyo iliyomfanya amwamini. Akasema basi yeye mwenyewe atamwambia mama yake.

Alimwambia asubuhi ya siku yenyewe, nyuma ya nyumba, kando ya nduma. Alinifungua vifungo viwili vya blauzi. Alichukua maji kinywani, akanipulizia kifuani kama wazee wetu wanavyobariki, yakanimwagikia manyunyu baridi. Kisha akaweka mdomo wake karibu na moyo wangu na kuzungumza. Hakuzungumza na mimi.

"Mwaitu, pita mlangoni. Nyumba ni yako."

Baba na Mama walikuwa wamesimama kwenye ngazi ya jikoni, Mama na mfuko wa nguo zangu. Tukaondoka.

Kuhusu hospitali sina mengi. Nakumbuka chumba cha baridi, skrini nyingi, na muuguzi aliyeniuliza ninapenda somo gani, na kabla sijamaliza kusema hesabu nikawa nimelala. Niliamka mguu ukiwa umenyooshwa na nimekatazwa kuukunja. Daktari Nasimiyu aliingia na raba zake. Alimpita Baba, akampita Mama, akaenda moja kwa moja kwa Susu aliyekuwa kwenye kona.

"Shosho, nimeziba," alisema. "Ilikuwa mbali na mlango."

Niliporudi nyumbani niliogopa kitu kimoja, nacho sikukisema kwa mtu. Niliogopa kwamba Susu ataona amempoteza mama yake mara ya pili. Alikuwa ameishi na mama yake kifuani mwangu mwaka mzima na zaidi, na sasa ngoma ilikuwa imenyamaza. Kwa hivyo aliponiita nikaketi mbele yake na akaweka sikio pale pale pa siku zote, mimi ndiye niliyekuwa nimebana pumzi. Alisikiliza. Moyo ulipiga, ukapiga, bila maneno mengi.

"Ameketi," Susu alisema, na akaendelea kumenya nduma.

Daktari aliponiruhusu kukimbia, Susu alikuja shuleni. Hakuwa amewahi kuja hata siku moja, si kwa matokeo wala kwa sherehe, lakini siku hiyo alikuja na viatu vyake vya kufunga na kusimama kandokando ya uwanja, mahali pangu pa zamani. Nilivua sweta, ile ambayo Mama alinifumia, nikampa. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya mkono kama mtu anayeshika mtoto. Nilikimbia. Nilikuwa wa nne. Mwaka mzima wa kukaa huwezi kuulipa kwa wiki chache, na miguu ilinikumbusha hilo. Lakini Susu aliwaambia watu wote njiani kurudi nyumbani kwamba mama yake amewashinda watoto wa Nairobi, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumsahihisha, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku hizi mimi ni mtu mzima mwenye kazi mjini, na kibanda cha Mama bado kiko ghorofani, katika jengo ambalo lifti yake imekufa tangu nikumbuke. Napanda ngazi zote hizo kumpelekea chakula cha mchana. Moyo hukimbia kama wa mtu yeyote aliyepanda ngazi, halafu hutulia wenyewe. Mama hunitazama kifuani kabla ya kunitazama usoni. Kisha hufungua chakula.

Huwa naulizwa, hasa na wasomi wenzangu, kama naamini yale ya Susu. Kuna siku nilitafuta jibu zuri. Siku hizi nasema ninavyojua. Daktari Nasimiyu aliziba njia, na bila yeye nisingekuwa hapa. Mama alitoa jina, kisha akasimama akamdai mtoto wake. Na Susu, aliyeamini kwamba moyo wangu ni mama yake, alikwenda mbele ya kitu alichokiogopa akauliza swali lililowashinda wote, akakubali, akamwomba marehemu ruhusa kwa niaba yangu. Wengine wana koo zenye mashamba na majina makubwa. Mimi nina hao watatu, na sijawahi kuona haya kujivuna nao.

Susu alitutoka mwaka jana, nyumbani Mutuini, adhuhuri, jua likiwa limejaa dirishani. Moyo wake ndio uliochoka. Daktari alikuwa ametuambia kwamba kwa umri ule kilichobaki ni kumwepushia maumivu, na tulifanya hivyo. Mwishoni hakuongea. Niliinama nikaweka sikio kifuani pake, kama alivyonifanyia mimi asubuhi ile ya kusuuza vyombo, na nikasikia mapigo yake madogo yakija na kukawia, yakija na kukawia zaidi. Mama alikuwa amemshika miguu. Dada yangu, aliyebeba jina lake, alikuwa akilia, na hakujua la kumwambia.

Mimi nilijua. Nilikuwa na haki ya kusema, kwa jina nililopewa.

"Mwanangu," nilimwambia, "pita mlangoni. Nyumba ni yako."